Kengele ya Tisa

Nyumba ya Bi Zenzi niliisikia kabla sijaiona. Tik, tik, tik: chuma juu ya chuma, sauti kavu isiyo na haraka, ikitoka nyuma ya safu ya nyumba za matofali za Plumstead na kutufikia mimi na mama tukiwa bado kwenye kona ya kituo cha basi. Nikaanza kuhesabu mapigo, kwa sababu kuhesabu ndiyo ilikuwa dawa yangu ya woga. Tulipofika mlangoni nilikuwa nimefikia mia moja na kumi na mbili, na woga ulikuwa pale pale, haujapungua hata robo. Mama akaingiza ufunguo, mlango ukafunguka, na harufu ikatupokea. Nilitegemea harufu ya nyumba za wazee wa London, ile ya zulia lenye unyevu na supu ya kopo. Hii ilikuwa tamu, kavu, ya jua lililohifadhiwa, jirani na majani ya chai na jirani zaidi na mkeka mpya wa ukindu unapokunjuliwa kwa mara ya kwanza. Nilisimama pale barazani nikivuta pumzi kama niliyefika Wete. Mama akanisukuma mgongoni. "Ingia, mlango uko wazi," akasema, na akautazama mtaa kushoto na kulia, kisha kushoto tena.

Nilikuwa na miaka kumi, na sikutakiwa kabisa kuwa pale. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, hatujatimiza miaka miwili tangu tutoke Pemba. Baba alikuwa kiwandani mji mwingine, anakuja nyumbani wikendi moja na kuruka moja. Shangazi aliyekuwa akinitazama wakati wa likizo alikuwa ameolewa akahama, na katika jengo letu la Thamesmead jirani mmoja alikuwa ametembelewa na polisi kwa kuwaacha watoto peke yao. Mama alikuwa mlezi wa wazee majumbani. Kampuni yake ilikuwa na sheria nyingi, ila ile iliyopigiwa mstari ilikuwa moja: mlezi haendi na mtoto kazini, akionekana naye mara moja, kazi imekwisha. Na mama alikuwa katika miezi mitatu ya majaribio. Mwisho wa Agosti msimamizi angekuja kukaa na Bi Zenzi, amuulize, aandike. Akiandika vizuri, mama anapata barua ya mkataba, na kwa barua hiyo, alisema wakili, tungeweza kuomba mdogo wangu Hamadi aletwe. Hamadi alikuwa na miaka mitano, amebaki Wete na bibi. Kila Jumapili kwenye simu aliuliza zimebaki siku ngapi, na mama alijibu, "Chache, mwanangu." Mimi nilikuwa nazihesabu. Hazikuwa chache.

Kwa hiyo ndani ya basi nilipewa masharti yangu. "Sikiliza, Raya. Ukiingia mle wewe si mtu, ni mkoba wangu. Mkoba hausemi, haukohoi, haugusi kitu."

"Na nikiulizwa?"

"Mkoba hauulizwi."

Mkoba uliulizwa ndani ya dakika tano. Bi Zenzi alikuwa uani nyuma ya nyumba, ameketi juu ya gogo, mwanamke wa miaka themanini na moja mwenye nyonga mbovu na mikono ya seremala. Jina hilo wala si la kwetu, ingawa mama alilitamka kama la mtu aliyezaliwa Chake Chake. Lilikuwa jina la bonde lake, juu kabisa katika milima ya Alpi, upande wa Austria, alikotoka baada ya vita kuja kufanya usafi katika hospitali za London, akaolewa na dereva wa basi, akawa mjane. Mbele yake, juu ya chuma kidogo kilichopigiliwa katika gogo jingine, alikuwa amelaza mundu ambao sijapata kuona: ubapa wake mrefu kuliko mkono wangu, uliopinda kama mwezi mchanga. Alikuwa akiugonga makali kwa nyundo, kidogo kidogo, ili chuma kiwe chembamba. Akainua macho, akanitazama kama mtu anayetazama ndama mnadani, akaniamuru nifungue viganja. Akasema kwa Kiingereza chake kizito: "Huyu anaweza kushika reki?"

Mama alikuwa ameshaanza kuomba msamaha, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa msamaha huo, maana Kiingereza chake kilikuwa bado kidogo. Bi Zenzi hakutaka kuusikia. Walezi watatu kabla ya mama alikuwa amewafukuza: mmoja kwa manukato, mmoja kwa kumsemesha kama mtoto mchanga, wa tatu kwa kutupa nyasi zake kwenye pipa la taka. Alitoa bei yake: mimi nipige reki hadi saa nne asubuhi, yeye atakuwa hajaniona. Sikufikiri. Nilizaliwa katika ukoo wa wauza vitambaa, na bei ya kwanza kwetu ni salamu tu. Nikasema nitapiga reki, lakini anisimulie hadithi ya huko kwao. Akasema nusu hadithi. Nikasema hadithi nzima, na mkate. Mama akanifinya ubavuni: "Raya! Unashindana bei na mtu mzima?" Bi Zenzi akacheka, kicheko kifupi kilichotoka kama kikohozi, akanyoosha kiganja. Kwao, alisema, ng'ombe hauziki mpaka viganja vipigane na mtu wa tatu avitenganishe kwa ubavu wa mkono wake. Tukapiga. Mama, ambaye hakuwa ameelewa nusu ya mambo, akaambiwa avitenganishe viganja vyetu, akavitenganisha. Ndivyo alivyotia sahihi mkataba wa kwanza wa majira yale, na haukuwa ule aliokuwa akiutafuta.

Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, hatua thelathini na moja kwa kumi na nne, lakini Bi Zenzi alikuwa ameiacha nyasi ikue mpaka kiunoni, na ndani yake maua ya kila rangi. Jirani wa kulia alikuwa na majani mafupi kama kichwa kilichotoka kunyolewa, na mashine ya kuyanyoa kila Jumamosi. Alipenda kuegemea ua na kutazama. Bi Zenzi hakuweza tena kukata mwenyewe kwa sababu ya nyonga, kwa hiyo mama akakata. Sheria ya kampuni ilikataza mlezi kushika kifaa chochote chenye makali kuliko kisu cha mkate; basi tukawa na makosa mawili badala ya moja. Mama alikuwa amezoea mundu mdogo wa shambani, wa kuinama. Huu wa mpini mrefu ulitaka mtu asimame wima azungushe kiuno. Siku ya kwanza alichoma ardhi mara tisa. Kufikia wiki ya tatu alikuwa akienda na ushungi wake na buti za marehemu mume wa Bi Zenzi, shhh, shhh, nyasi zikilala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na Bi Zenzi kwenye gogo lake akipiga kelele, "Kisigino! Ubapa ulale kisigino!" Nami nikapiga reki, huku sikio moja likiwa kwenye mlango wa mbele. Kila gari lililopunguza mwendo mtaani lilinikausha mate.

Nyasi hazikuachwa chini. Bonde la Bi Zenzi lilikuwa na mvua kama London, na huko walikuwa na ujanja wao: walisimika miti yenye vijiti vya pembeni kama mikono, wakazitundika nyasi juu yake mpaka kila mti ukawa mtu mnene aliyevaa koti, upepo ukipita ndani na mvua ikiteleza nje. Tukasimika hivyo Plumstead. Walikuwa saba, watu wa nyasi, wamesimama katika bustani kama wageni waliofika mapema wakakosa kukaribishwa. Na kwa kila saa ya reki nililipwa hadithi yangu. Nikajua kwamba Juni ng'ombe wote hupandishwa malisho ya juu, kupita pale miti inapoishia, wakiwa na vijana wachache tu wa kuwachunga, na hakuna anayeshuka mpaka katikati ya Septemba. Nikajua kwamba kuna miteremko mikali kiasi kwamba mkata nyasi hujifunga kamba. Nikajua kwamba kila jioni ng'ombe huhesabiwa wanapoingia bandani, na kwamba ukungu ukishuka, macho hayana kazi, mchungaji humjua kila ng'ombe kwa sauti ya kengele yake, kwa sababu hakuna kengele mbili zinazolia sawa.

Kengele hizo zilikuwa ukutani, katika chumba cha mbele, zikining'inia kwa kanda pana za ngozi. Nilizihesabu siku ya pili. Tisa. Bi Zenzi alipokuwa akinitajia majina ya ng'ombe waliozivaa alitaja manane akaishia hapo. Nikamwambia zipo tisa.

"Nane," akasema.

"Tisa, Bi Zenzi. Ile ya mwisho pale karibu na dirisha."

"Nane," akasema tena, na nyundo yake ikarudi kazini kwa nguvu ambayo ubapa haukuihitaji. Nilimaizi kwamba hapo bei haikuwa ya kupunguzwa. Niliacha. Lakini mtoto anayependa hesabu ukimwambia tisa ni nane hatalala vizuri.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kushuka. Siku ya kushuka, katikati ya Septemba, ng'ombe huvikwa mataji ya maua na matawi ya misonobari, kengele kubwa kubwa shingoni, na kijiji chote hutoka barabarani kuwangoja, wanawake wamevaa nguo zao za sherehe. Ila taji si haki ya kila mwaka. Likivaliwa, maana yake ni moja: wote wamerudi. Kama huko juu amekufa ng'ombe, au mtu, hakuna ua hata moja. Kengele hushindiliwa nyasi kavu, ulimi wake usigonge, na kundi hupita kimya, na watu huvua kofia wasiulize kitu, kwa sababu hakuna kinachobakia kuulizwa. Alinisimulia hayo akitazama viatu vyake. Nami nilifikiri, bila kumwambia mtu, kwamba siku Hamadi atakapotua uwanja wa ndege nitamvika taji.

Wiki ya mwisho ya Agosti ilifika. Msimamizi alikuwa amepanga kuja Ijumaa. Jumanne nikajitolea kumfurahisha Bi Zenzi, ili siku ya kuulizwa amsifu mama: nitazisafisha kengele. Sikuomba ruhusa, nilitaka iwe zawadi, na zawadi ndiyo biashara pekee ambayo mpaka leo sijaimudu. Nikapanda kiti, nikafuta vumbi la nane moja baada ya moja, nikizishika ulimi zisilie. Ile ya tisa ilikuwa nzito zaidi, na mdomo wake ulikuwa umeziba. Nikaingiza kidole. Nyasi, za zamani, nyeusi, zilizoshindiliwa mpaka zimekuwa kama mbao. Nikadhani ni kiota cha panya. Nikazichokonoa zote kwa mpini wa kijiko, nikazikusanya kwenye gazeti, nikaipangusa kengele ndani na nje mpaka ikang'aa, na nilipoirudisha kwenye msumari wake mkono ukateleza.

Ililia mara moja. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya duara, ilijaza chumba na ikaendelea kuwapo baada ya mimi kuishika. Jikoni kitu kilianguka. Bi Zenzi alitokea mlangoni bila fimbo yake, ameshikilia ukuta, uso umekuwa mweupe kama unga. Hakunitazama mimi. Aliitazama kengele, kisha gazeti lenye nyasi, na akatoa mlio ambao sikuujua kuwa ni wa mtu mzima. Mama akamdaka kabla hajaanguka. Alipolazwa kitandani alisema maneno machache tu, na mimi nikalazimika kuyatafsiri, kwa sababu mle ndani hakukuwa na mkalimani mwingine: "Chukua mtoto wako. Ondokeni. Ijumaa nitamwambia yule mwanamke kila kitu."

Jioni ile nyumbani mama hakunipiga wala hakunifokea. Alikaa ukingoni mwa kitanda akikunja na kukunjua sare yake ya kazi. Mara moja tu akauliza, "Kengele moja, Raya?" Nikasema ndiyo, moja. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Asubuhi nilidhani tutabaki Thamesmead. Akavaa, akaniambia nivae.

"Ametufukuza, mama."

"Amefukuza mtumishi wake. Mimi siendi kazini leo, nakwenda msibani. Ile sauti jana umeisikia? Mwanamke halii vile kwa chombo."

Bi Zenzi alikuwa kitandani, ameelekea ukutani, chai ya jana imepoa kando yake. Mama hakumsalimu kwa yale maneno ya kazini. Alivua viatu, akatoa kanga mkobani, akaitandika sakafuni kando ya kitanda, akakaa chini, miguu ameikunja, mgongo ukutani. Nikakaa pembeni yake. Saa ya mezani ikapiga mara moja, ikapiga tena. Mwishowe Bi Zenzi akauliza bila kugeuka, "Anafanya nini?" Nikamwambia kwamba kwetu penye msiba watu hukaa chini na aliyefiwa, hawafanyi kazi, hawamwachi peke yake. Kisha akasema kwamba kwao walizika Jumatatu, na Jumanne kila mtu alirudi kwenye nyasi, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Hakuna aliyekaa chini. Na hapo ndipo alipoanza kusimulia, akiwa bado ameuelekea ukuta, na mimi nikitafsiri sentensi baada ya sentensi, nikitamani kila moja iwe ya mwisho.

Alikuwa na miaka kumi. Huko malisho ya juu walikuwa yeye na dada yake, Moidl, wa miaka kumi na sita, na ng'ombe tisa. Jioni moja ukungu ulishuka mapema. Kazi ya Zenzi ilikuwa kusimama mlangoni mwa banda na kuhesabu. Alikuwa na baridi na njaa. Akahesabu mara moja, akapata nane, akamwambia dada yake wapo nane. Moidl akawasha taa akarudi nje kumtafuta wa tisa, akiita jina lake. Zenzi akasikia sauti ikienda mbali, ikienda mbali, kisha haikuwapo. Ndipo akasikia nyuma yake kengele ikigonga taratibu. Ng'ombe wa tisa alikuwa ndani tangu mwanzo, amelala nyuma ya mlango, anacheua. Walimpata Moidl siku ya pili chini ya jabali. Septemba ile kundi lilishuka bila ua hata moja, na kengele ya yule ng'ombe baba yao aliishindilia nyasi kwa mkono wake, na tangu siku hiyo, miaka sabini na zaidi, katika nchi mbili, haikuwahi kulia. Mpaka jana.

Nilipomaliza kutafsiri sikuweza kumtazama mama. Alikaa vile vile. Kisha akasema, "Muulize alikuwa na miaka mingapi." Nikamwambia ameshasema, kumi. "Basi mwambie, mtoto wa miaka kumi hapewi ng'ombe tisa kwenye ukungu kisha akaachiwa peke yake lawama. Waliompa ndio wa kuulizwa." Nikaanza kuyapanga maneno hayo kwa Kiingereza, na nilipogeuka nikaona mama ananitazama mimi, mkono umemganda kwenye kanga, kama mtu aliyesikia alichokisema kwa kuchelewa. Tulipoondoka saa nane mchana Bi Zenzi alikuwa bado ameelekea ukutani. Ila chai alikuwa ameinywa.

Alhamisi tulirudi tena, na Bi Zenzi hakutufukuza. Siku hiyo, moja kabla ya ahadi ya msimamizi, gari lilipunguza mwendo, na safari hii lilisimama. Nilikuwa bustanini peke yangu nikikusanya nyasi za mwisho kwenye mguu wa mti wa nane, ambao ulikuwa bado mtupu. Nikasikia kengele ya mlango, nikasikia sauti ya mwanamke mgeni, ngumu na yenye adabu, na mama akisema kwa nguvu isiyo ya kawaida, kwa Kiingereza, "Karibu, msimamizi! Karibu!" Ua ulikuwa mrefu kwangu. Kibanda kilikuwa na kufuli. Nikachuchumaa kwenye mguu wa ule mti, nikajivutia rundo lote la nyasi kichwani na mabegani, nikatia mikono ndani, nikawa mtu wa nyasi.

Mle ndani kulikuwa na joto na vumbi na vijidudu, na harufu ile tamu ikiwa karibu hivyo inakaba. Kupitia mwanya mdogo niliona mlango wa jikoni. Na kwenye njia ya mawe, hatua nne kutoka kwangu, niliona ndala moja ya plastiki, nyekundu, ya mtoto. Ya pili ilikuwa mguuni mwangu. Nilihesabu tena kwa macho, kama kwamba hesabu ingebadilika: moja nje, moja ndani.

Wakatoka. Msimamizi, mwenye faili kifuani. Bi Zenzi na fimbo yake, hajachana nywele. Mama nyuma yao na birika mkononi ambalo hakuna aliyeliomba. Bi Zenzi akaketi kwenye gogo lake. Msimamizi akaulizia chakula, dawa, kuoga. Majibu yakawa mafupi. Kisha akafunga faili. "Kuna jambo moja. Tumepigiwa simu. Wanasema kuna mtoto anaonekana humu bustanini. Kuna mtu yeyote mwingine anayekuja hapa pamoja na Salma, mlezi wako?"

Chawa wa nyasi alikuwa akitembea kwenye kope langu. Kwa kiganja nilikuwa nimeziba pua. Nilimfikiria Hamadi, na kwa mara ya kwanza majira yale sikuweza kuzikumbuka siku zilizobaki. Bi Zenzi aliitazama bustani, mtu wa nyasi mmoja baada ya mwingine, kisha akainua fimbo yake akaanza kuwaonyesha. "Mmoja. Wawili. Watatu." Msimamizi akasema, "Samahani?" Bi Zenzi hakusimama. "Wanne. Watano. Sita. Saba." Fimbo ikafika kwangu ikakaa. Nikaona macho yake, ya buluu iliyopauka, yakiangalia moja kwa moja kwenye mwanya wangu. Kule mlangoni mama alikuwa amekumbatia birika la moto wala halimuunguzi. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini hadi kumi alikuwa anajua, na wale watu wa nyasi aliwajenga yeye; alijua walikuwa saba.

"Wanane," akasema Bi Zenzi. Akashusha fimbo. Kisha akaiinua tena, akarudi kwa wa kwanza, akahesabu upya, polepole zaidi, kama mtu anayepita kila mmoja akimgusa bega. "Wanane. Wapo wote."

"Nilikuuliza kuhusu mtoto, Bi Zenzi."

"Na mimi nimekujibu. Wote waliomo katika bustani hii ni wangu. Nimewahesabu mara mbili. Hakuna aliyepotea. Andika hivyo."

Msimamizi akaandika kitu. Sikupata kujua alielewa nini. Najua hiki tu: alipokuwa akirudi ndani alisimama kwenye njia ya mawe, akainama, akaokota ile ndala nyekundu, akaiweka kando ya ngazi, sawasawa, kama mtu anavyopanga viatu vya nyumbani kwake. "Mtu ataikanyaga aanguke," akasema bila kumtazama mtu, akaenda zake. Nilisubiri mpaka gari liondoke, halafu nikapiga chafya tisa mfululizo. Mama alizihesabu pia. Mpaka leo anabisha kwamba zilikuwa kumi.

Siku hiyo hiyo Bi Zenzi aliniita chumba cha mbele. Nilidhani atanisamehe, au atasema kengele ibaki wazi, iwe huru, kama wanavyopenda kusema watu siku hizi. Hapana. Aliniamuru niishindilie tena, kwa nyasi mpya, za bustani yetu. Nikashindilia huku yeye akikagua kwa kidole, "Zaidi. Zaidi," mpaka ulimi haukutikisika. Nikaitundika kwenye msumari wake karibu na dirisha. Akarudi nyuma hatua mbili, akazipitia zote kwa macho, akasema, "Tisa." Akaenda kuweka maji ya chai.

Barua ya mkataba ilikuja mwezi uliofuata. Hamadi alikuja baada ya mwaka na miezi minne, mrefu kuliko nilivyomhesabia, na nikamvika uwanja wa ndege taji la karatasi alilolivua kabla hatujafika kwenye treni. Leo yeye ndiye dereva wa treni, na ana watoto wawili. Mimi nina duka la vitambaa Woolwich, na watoto watatu. Bi Zenzi alifariki nikiwa na miaka kumi na saba. Mpwa wake alikuja kutoka kule bondeni kuchukua vitu, na orodha aliyokuwa ameiacha shangazi yake ilisema kengele nane. Mpwa alizihesabu ukutani akapata tisa, akanitazama. Kila mtu anajua siachi jambo bila kupatana, lakini siku ile nilitulia kabisa. Akachukua nane.

Iko kwangu sasa, barazani. Nyasi za Plumstead ndani yake zimekuwa kahawia na harufu imekwenda; unapaswa kuweka pua kabisa, na hata hivyo sina hakika kama nainusa au naikumbuka. Pale Thamesmead baraza la mji hupitisha mashine kwenye majani kila baada ya wiki mbili, na yanaachwa yaoze yalipoangukia. Sijaona mtu akigonga mundu tangu wakati ule. Mwanangu mdogo hunisumbua nizitoe zile nyasi aisikie kengele inavyolia, na ameshapandisha dau hadi kuosha vyombo mwaka mzima. Namwambia hii haiuzwi.

Wanangu wamenifundisha kutumia simu inayoonyesha kila mmoja wao yuko wapi, vidoti vitatu kwenye ramani, na jioni ninapofunga duka naitazama: kidoti, kidoti, kidoti, vyote viko juu ya nyumba yetu. "Mama, si unaona tupo," hunilalamikia, "unahesabu nini tena?" Hawana kosa, simu haijawahi kukosea hata siku moja. Nikifika nyumbani navua viatu, nahesabu viatu vyao, nahesabu vichwa vyao. Vikipungua, simwiti mtu, simtumi mtu kwenda nje. Kwanza natazama nyuma ya mlango.